Nyonga Mpya, Wifi wa Zamani

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Nimerudi nyumbani! Siku sita tu hospitali, lakini nilipoiona migomba yangu kutoka dirisha la gari nililia kama mtoto. Dereva akadhani nimeumia. Nikamwambia sijaumia, ni furaha, endesha tu — ila mashimo uyapite polepole, nimebeba chuma.

Chuma! Miaka kumi na moja nimeiburuta nyonga ya kushoto kama gogo la kuni. Sasa imekatwa, imetupwa, nimewekewa mpya. Walinichoma ganzi ya mgongoni, kwa hiyo sikulala. Nilisikia nyundo. Nyundo kweli! Ko, ko, ko, kama fundi anaunga kitanda. Nikamuuliza daktari, jamani mnajenga? Akacheka nyuma ya barakoa.

Daftari hili alininunulia Gladness, binti yangu wa Dar, niandike saa za dawa. Dawa nimezipa kurasa za mbele. Za nyuma nimejipa mwenyewe.

Sasa kioja. Gladness aliniambia kwenye simu: mama, nimekupatia nesi wa kukaa nawe nyumbani wiki nane, anaitwa Lucky, mpole sana. Kabla sijaenda kupasuliwa nikamwandalia chumba, mashuka ya maua, kioo cha kujitazama, hata kanga mpya nikamwekea kitandani. Leo nafika — mlangoni amesimama jitu refu lenye ndevu, begi mgongoni. "Shikamoo mama. Mimi ndiye Lucky."

Mwanaume! Mtu wa Tarakea, miaka ishirini na saba. Nikaitikia marahaba huku moyoni nasema, Elinipendo, umekwisha.

Jumanne, 3 Septemba

Nimempigia Gladness kabla hata ya chai. Anasema manesi wa kike wote wameshachukuliwa, na huyu ndiye anayejua zaidi mambo ya mifupa. Kuhusu kuoga nisiwe na wasiwasi, ameshamwomba shangazi yake.

Shangazi yake! Yaani wifi Rachel, dada wa marehemu mume wangu Daniel. Anakaa hapo chini tu, migomba yake na yangu inagusana. Na miaka tisa hakuna aliyekanyaga kwa mwenzake. Tangu msiba wa Daniel. Alisimama mbele ya waombolezaji akasema kaka yake amekufa kwa kucheleweshwa hospitali, na aliyemchelewesha anajulikana. Watu wote wakanigeukia. Toka siku ile ni "Bwana asifiwe" mlangoni mwa kanisa, "amina", basi.

Saa nne amekuja. Kitenge kifuani, ndoo mkononi. Mimi hakunisalimia, alimsalimia Lucky. Akaniogesha kama mtu anayesugua sufuria ya makande. Mgongo uliwaka! Maneno yake yote: "Inua mkono." "Huo mwingine." Lakini niandike ukweli, maji aliyapatia. Ya moto vizuri, na majani ya mchaichai ndani.

Alhamisi, 5 Septemba

Huyu Lucky ana masharti kuliko mchungaji wa kipaimara. Nisiiname. Nisikunje nne. Nisikae kwenye kigoda jikoni — miaka sitini na miwili nimekaa kigodani! Nilale chali na mto katikati ya miguu. Kiti cha plastiki amekikata tundu kwa msumeno, akakisimamisha juu ya ndoo. "Choo chako mama, hukunji nyonga hata kidogo." Nikamwambia mwanangu, kwenu Tarakea ndivyo mnavyowatendea wazee? Amecheka. Kichagga chake cha Rombo mimi sikipati, changu cha hapa Vunjo yeye hakipati. Tunabaki na Kiswahili.

Leo nimetoka kitandani hadi mlangoni na woka, ile fremu ya chuma ya kushikilia. Hatua kumi na nne! Kidonda kinauma, ndiyo. Lakini yale maumivu ya zamani, yale ya kusaga, ya mfupa kula mfupa — hayapo! Nilisimama nikayatafuta. Nikausukuma mguu mbele kidogo. Hayapo! Nikapiga kelele. Lucky akadhani naanguka, akanidaka kiunoni. Na hapo hapo Rachel anaingia na ndoo yake. Ananikuta mikononi mwa kijana!

Alitua ndoo, akatoka, akasubiri nje. Nimecheka mpaka kidonda kikanigombeza.

Jumanne, 10 Septemba

Nyuzi zimetoka! Ishirini na mbili, nilimhesabia Lucky akizitoa. Kovu ni refu kama panga dogo.

Na jambo la ajabu — nimerefuka! Mguu ulikuwa umefupika nikawa natembea nimelalia upande. Leo nimesimama mbele ya kioo cha kabati, mabega yamekaa sawa. Nani huyu? Sketi yangu ya kijivu, ile niliyoipandisha upindo upande mmoja, sasa ndiyo inaning'inia ovyo. Lucky ameufumua kwa mkasi wake mdogo. Nesi amefumua mtu na sketi siku moja!

Jambo moja sijamwambia. Vile vidonge vya kuzuia damu isigande vinanichoma tumbo. Tangu Ijumaa navitia mdomoni, akigeuka navitema. Viko chini ya godoro. Najisikia mzima kabisa, vya nini tena?

Jumamosi, 14 Septemba

Naandika nikiwa hospitali. Tena.

Asubuhi Rachel alikuwa ananiogesha, akasimamisha mkono. "Mama Gladness. Mguu huu umevimba." Sentensi ndefu kuliko zote alizoniambia tangu aanze kuja. Nikatazama. Shavu la mguu limekaza, linang'aa, lina joto kama chungu kilichotoka jikoni. Akasema ni damu imelala, inataka kukandwa. Akaenda kwake, akarudi na mafuta ya moto. Akakunja mikono ya gauni. Akaushika.

Lucky akaingia bila hodi! Mimi nina kanga tu mwilini. "Mama, usimguse!"

Rachel akamfokea. Mtoto gani wewe unaingia wanawake wakioga! Na yule kijana mpole, asiyepandisha sauti hata kuku akiingia jikoni, akaja akasimama katikati yetu. Akasema: mama nisamehe, utanichapa baadaye, lakini mguu huu haukandwi. Kama damu imeganda humo, ukiikanda inang'oka inapanda mapafuni, anakufa hapa hapa tukimwangalia.

"Basi mtakaa mumtazame!" Rachel anamnyooshea kidole. "Kaka yangu naye mlimtazama hivi hivi!"

Lucky hakuelewa. Mimi nilielewa. Nikasema, hatukai. Lucky, ita gari. Sasa hivi.

Na Rachel akaingia kwenye gari. Hakuna aliyemwambia. Akakaa nyuma nami, akaupakata mguu wangu usirushwe na mashimo, njia nzima mpaka lami. Mikono bado ina mafuta.

Wamenipima. Ni kweli, damu imeganda kwenye mshipa. Daktari akamuuliza Rachel, mliukanda? Rachel akasema: nilitaka. Kijana alinizuia. Daktari akasema basi mshukuruni kijana.

Rachel alikaa kwenye benchi. Alifuta mafuta mikononi kwa kitenge mpaka gari la kumrudisha lilipofika.

Jumapili, 15 Septemba

Sindano za tumbo, asubuhi na jioni. Uvimbe bado upo.

Gladness amepiga. Moto! Anamtaka Lucky aondoke leo leo. Nesi gani haoni mguu mpaka unavimba hivyo? Lucky yuko pembeni ya kitanda anakunja shuka, anasikia kila neno, hajitetei hata kwa kikohozi. Nami nimekaa kimya. Nimekaa kimya kama dakika nzima, Mungu ananiona.

Halafu nikasema. Gladness, sikuvimeza. Vidonge viko chini ya godoro.

Nikasikia kitu kinaanguka huko Dar. Kisha: "Mama! Mama! Mama!"

Lucky alimaliza kukunja shuka. Akasema, mama, tumbo likikuuma niambie. Ipo dawa ya kulinda tumbo, unaimeza kabla. Basi. Jambo jepesi namna hiyo! Ningekufa kwa sababu ya kiungulia. Nimeona aibu ya mtoto wa darasa la pili.

Alhamisi, 19 Septemba

Nyumbani tena tangu jana. Vidonge nameza huku nimepanua mdomo, Lucky anakagua mpaka chini ya ulimi. Haki yake.

Rachel amekuja na mtori! Ndani ya hotpoti, umefungwa kwa kitambaa cheupe. Nyama imesagika, ndizi laini. Nilikula bakuli mbili, yeye ananitazama tu. Kisha akaniogesha, taratibu safari hii. Dodoki lilikuwa linazunguka kovu kama linaogopa kuliamsha.

Sijui kilichonifungua kinywa. Labda huo utaratibu. Nikamwambia habari ya Daniel.

Nikamwambia, wifi, gari liliitwa mara mbili. Mara mbili Daniel alilirudisha. Utumbo umejisokota, mganga wa zahanati ameshatuambia akapasuliwe siku ile ile, naye kang'ang'ania mguu wa kitanda. Aliogopa kisu. Mwanaume mzima, mpasua mbao, aliogopa kisu. Akaniapisha nisikwambie. Hasa wewe. Alisema dada ananiona mimi ni simba.

Rachel ameshika dodoki, maji yanachuruzika chini. Akauliza, mbona hukusema pale msibani? Nikamjibu, nilikuwa nimeapa, na niliyemwapia alikuwa bado yuko sebuleni kwenye jeneza.

Akamwaga maji. Akakung'uta ndoo. Akaondoka bila kuaga.

Nimefanya vema? Au nimemvua marehemu nguo?

Ijumaa, 20 Septemba

Hajaja.

Jumamosi, 21 Septemba

Hajaja. Lucky ameniosha nywele, mengine nimejifuta mwenyewe na kitambaa. Anauliza, yule mama anaumwa? Nikasema sijui.

Jumapili, 22 Septemba

Amekuja! Moja kwa moja kutoka ibadani, na viatu vya kanisani, na ndoo!

Akasimama mlangoni. "Wifi," akasema. Wifi! Miaka tisa sijalisikia hilo neno kutoka kinywa chake. "Baba yetu naye aliikimbia hospitali. Alitoroka usiku wa kuamkia kupasuliwa, akaja kufia shambani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, Daniel alikuwa mdogo. Nimekaa siku tatu nakumbuka. Nilikusingizia mbele za watu."

Nikamwambia ingia, maji yatapoa. Alinisugua mgongo, safari hii kwa nguvu kama siku ya kwanza, na wote wawili tulikuwa tunalia, na Lucky akabisha hodi kwa nje: kuna usalama humo? Tukacheka!

Jumamosi, 28 Septemba

Nimetembea hadi kwa Rachel! Kwa miguu! Woka nimeachana nayo, sasa ni magongo mawili. Mlima umefunguka wote leo, hauna wingu, hewa safi, nikasema leo ni leo. Lucky mbele yangu anashuka kinyumenyume, mikono ameitanua kama anayekinga kuku. Kushuka: magongo, mguu mpya, halafu ule mzima. Kupanda: mzima kwanza. Nikawa naimba hivyo hivyo njiani. Majirani wakatoka kuchungulia. Mama mmoja akapiga vigelegele kutoka shambani, kwenye kahawa yake!

Rachel alikuwa jikoni anapika kiburu, ndizi na maharage. Hakututegemea. Na hapo nikaona.

Alikuwa kigodani. Kuinuka, akashika nguzo. Akasubiri kidogo. Akapumua. Akainuka kwa upande, akasimama tena akingoja kitu kipite, kisha hatua ya kwanza akaiburuta. Hatua ile ninaijua! Nimeitembea miaka kumi na moja. Mtu yeyote angesema ni uzee. Mimi hunidanganyi.

Nikauliza, tangu lini? Akasema, tangu lini nini? Nikasema, wifi. Tangu lini?

"Miaka minne."

Miaka minne! Na kilima hiki amekipanda kila asubuhi, na ndoo ya maji ya moto, kuja kuniogesha mimi. Mimi nalala chali nalalamika kwamba ananisugua vibaya.

Kiburu kilikuwa kitamu, sikusikia ladha.

Jumanne, 1 Oktoba

Nimeanza kuoga mwenyewe. Kiti, kata ya maji, dodoki lenye mpini mrefu ambalo Lucky ameliunga na kijiti. Rachel nimemkataza kubeba ndoo. Amekasirika! Anasema basi nije nifanye nini? Nikamwambia uje tukae. Akaja. Tukakaa, kila mmoja kwenye kiti kirefu kama wajumbe wa kamati.

Jumapili, 13 Oktoba

Kanisani! Gongo moja tu! Nilipita katikati ya mabenchi, kwaya ikiwa imesimama, na sketi ya kijivu imekaa sawa pande zote. Mchungaji akatangaza, tunamshukuru Mungu kwa mama yetu Elinipendo. Watu wakapiga makofi. Nilitaka kutembea tena toka mlangoni ili wapige upya. Nisamehe, Bwana, ni majivuno, ila nimesubiri miaka kumi na moja.

Njiani kurudi nikamwambia Rachel: tarehe ishirini na mbili naenda kuonwa na daktari. Twende wote, wakupige picha hiyo nyonga.

Hataki. Picha ni mwanzo wa kisu. "Sisi ukoo wetu hatupasuliwi."

Nikamjibu, mimi si wa ukoo wenu, ndiyo maana natembea.

Ilinitoka tu! Nikadhani nimeharibu yote. Alisimama katikati ya barabara akanitazama. Halafu akacheka, kicheko kile kile cha Daniel, cha kuanzia tumboni. Lakini hajakubali.

Jumatatu, 21 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Rachel amekuja amejifunika mfuko wa mbolea kichwani. Hakuja kwangu, alimfuata Lucky jikoni. Nikatega sikio.

Anauliza: kijana, uniambie kweli. Wanapiga nyundo?

Lucky akasema, wanapiga, mama.

Na mtu anasikia?

Akiomba alazwe usingizi, hasikii. Akichomwa ganzi ya mgongoni, anaweza kusikia. Maumivu hapati.

Na kuna wanaokufa?

Nikashika mkono wa kiti. Lucky akafunika sufuria. Akasema: wapo, mama. Wachache sana. Na wifi yako ulimwona, alikaribia. Ndiyo maana tunakaa na mtu baada ya kupasuliwa.

Nikasema moyoni, ameharibu! Mbona hakudanganya kidogo?

Rachel akasema, ungeniambia hapana nisingekwenda. Kesho gari linapita saa ngapi?

Jumanne, 22 Oktoba

Naandika kwenye korido ya hospitali, daftari juu ya goti.

Mimi nimeshaonwa. Daktari ameninyoosha mguu, ameukunja, ameuzungusha, akasema mama, hata hilo gongo liache nyumbani, utembee. Damu nayo imetulia, vidonge niendelee navyo. Ningerukaruka kama si masharti ya kijana wangu. Lucky amebakiza siku sita kwangu. Hilo silifikirii leo.

Rachel njiani alikuwa anatazama dirishani. Palipoanza lami akaniambia, nikisema turudi, msinirudishe. Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi kama maji ya mfereji.

Chumba cha picha aliingia peke yake. Alitoka amekunja uso, anasema meza yenyewe ni baridi kama bucha. Tukakaa saa nzima na nusu. Alikula karanga zangu zote. Mara mbili aliinuka kwenda "kutazama gari". Mara mbili akarudi mwenyewe.

Walipomwita jina kwa daktari akasema, huyu kijana aingie na mimi. Huyo huyo aliyetaka kumchapa! Lucky akamshika kiwiko, wakaingia. Mimi nikabaki na mikoba.

Mlango haukufungwa sawasawa. Namwona Lucky mgongo. Picha imewekwa kwenye taa. Kutoka hapa ni mawingu matupu kwangu, ila naona pale mfupa ulipopaswa kuwa duara hakuna duara. Daktari anaongea taratibu, anaonyesha kwa kalamu.

Sauti ya Rachel: "Zote mbili?"

Yesu wangu. Zote mbili! Na kilima kile!

Daktari anasema kitu kuhusu kuanza na ya kulia. Anasema nafasi imetokea, kuna mgonjwa ameahirisha, ni Alhamisi hii. Alhamisi! Keshokutwa! Kama anataka. Asipotaka, mwezi wa pili.

Nimesogea mpaka ukingoni mwa benchi.

Lucky hasemi kitu. Vizuri, mwanangu, usiseme.

Rachel ameinuka. Ameshika meza, anangoja yale maumivu yapite. Nayahesabu naye. Anageuka mlangoni — anaondoka! Hapana. Amesimama. Ananitafuta kwa macho kati ya watu wote hawa, ameniona, na anavuta kiti kilicho pembeni ya chake, anakipigapiga kwa kiganja: njoo ukae.

Hajasema ndiyo. Hajasema hapana.

Naenda